Mshono Uliolala Kushoto

Taa ya Elie haikuunguza, haikunuka wala haikuuma. Ndiyo maana sikuiamini.

Nilikaa mbele yake katika kliniki ndogo nyuma ya soko la Kasulu, mkono wa kushoto juu ya taulo, mwanga mwekundu ukimulika kidole changu cha shahada. Hicho ndicho kinachoongoza kitambaa kwenye cherehani. Nchani pake palikuwa na kidonda kisichofunga. Daktari alisema kinga ya mwili wangu imenigeuka, inaishambulia ngozi yangu kana kwamba mimi ni mgeni humu ndani. Vidonge niendelee navyo, mikono niikinge na baridi, na taa tuijaribu. Mvua zikikatika kabla kidonda hakijaonyesha dalili ya kufunga, ncha ya kidole itakatwa.

"Mama, iko kitu hapa juu," Elie alisema akiinamia kidole. Alikuwa Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mpole, glavu zake safi kila mara. "Unapakaka nini?"

"Sipaki kitu."

"Kila ukija naosha huu unga wa kahawia. Mwanga haupitake kwenye matope. Na nikiukwangua, kidonda kinafunguka tena."

"Labda unatoka kwenye taa yako."

"Taa inatokaka unga, mama?"

Nilimwona anajitafutia kisingizio mapema. Nyumbani, Shangazi Asia, aliyekuja kutoka Kibondo kunipikia tangu niugue, aliniunga mkono huku akisonga ugali.

"Dawa isiyouma ni dawa gani? Daktari kakukataza jua, eti linakuharibu ngozi. Halafu anakupeleka kwa huyo Mkongo akuanike kwenye taa. Wewe mtoto huoni?"

Nikaamua kumnasa. Siku iliyofuata ya taa, Elie alipomaliza kunifunga bendeji safi, nilichomoa sindano kwenye mtandio, nikaushona mwisho wa bendeji kwa uzi wa bluu mbele ya macho yake.

"Nikirudi mshono uko salama na unga umo, basi unga ni wako."

"Shona, mama," alisema akicheka. "Shona sana."

Niliporudi, alishika mkasi. Nikamzuia, nikausogeza mshono dirishani. Uzi ulikuwa wangu. Nafasi kati ya tundu na tundu ilikuwa yangu. Lakini mishono ilikuwa imelala kushoto. Yangu hulala kulia, kama ya kila ashonaye kwa mkono wa kulia. Katika ukoo wetu anayeshona kwa kushoto ni mmoja tu, naye ndiye aliyenifundisha kushika sindano.

Elie alikata uzi. Unga ulikuwemo.

Bendeji ile nilikwenda kuiweka mapajani mwa Shangazi. Aliigeuza mara moja tu.

"Mkono huu umeniumbua," alisema.

"Umenipaka nini?"

"Magome ya kusaga. Yaleyale aliyopakwa baba yako alipojikata na jembe."

"Saa ngapi, Shangazi?"

"Mchana, vidonge vikikulaza. Kidole chenyewe kimekufa ganzi, utajuaje?"

"Watanikata."

"Hao ndio wakataji. Mimi nilikuwa nakitetea."

Kesho yake nilimpeleka kliniki. Aliingiza kiganja chake chini ya taa, akakigeuza, akakinusa.

"Unaahidi atapona?"

"Siahidi, mama," Elie alijibu. "Wengine inawasaidia, wengine hapana. Ila kidonda kikibaki kichafu, haitasaidia mtu."

"Basi hujui."

"Sijui yote."

Tapeli, Shangazi angemjua kwa ahadi zake. Huyu asiyeahidi alimpa kazi ya kufikiri.

Taa ilipozimwa, nilimpa Shangazi sindano. "Funga wewe, kwa mshono wako. Tukiukuta umelala kulia, mwizi ni mimi."

Akashona kwa kushoto, midomo ameibana. Tangu hapo kila bendeji aliifunga yeye, na kila tuliporudi aliukagua mshono kabla Elie hajagusa mkasi.

Mvua zilipokatika, daktari alikipima kidole, akakipima tena. Kingo za kidonda zilikuwa zimesogeleana, nyekundu changa. Hakijafunga, alisema, ila habari ya kukata tuiache kwanza.

Njiani Shangazi aliitoa mkobani mwake ile bendeji ya uzi wa bluu, akainusa.

"Magome bado yamo," alisema. "Huwa yanafanya kazi polepole."