Kitunguu cha Manyoya Saba

Kanisa letu la Lucky Summer, hapa Nairobi, ni la Kiarmenia. Ukisikia hivyo usianze kutafuta Waarmenia. Hakuna. Alikuwepo mmoja tu, Mama Araksi, mjane wa fundi wa mitambo kule Baba Dogo. Ndiye aliyetoa kiwanja na mabati, akatufundisha kufunga na kuimba maneno ambayo hakuna kati yetu anayejua maana yake, halafu akafa akatuachia Mungu wake na kamati. Mungu hana neno. Shida ni kamati.

Mwenyekiti ni Bwana Ooko, aliyestaafu kazi ya ofisi kwenye kaunsili. Alipiga mihuri maisha yake yote, na mkono uliozoea muhuri haujui kukaa bure, kwa hivyo siku hizi anatupiga sisi. Padri wa kukaa hatuna. Padri huja kutoka ng'ambo mara moja kwa mwaka, Jumapili ya Matawi, anakaa mpaka Pasaka na kurudi kwao; mwaka huu ilikuwa zamu ya mgeni kabisa, Padri Vahan. Siku zingine zote Bwana Ooko ndiye torati na manabii.

Mke wangu Mideva alikuwa mpishi wa Mama Araksi. Kila Kwaresma ikianza alichukua kitunguu kimoja chekundu, akakidunga manyoya saba ya kuku kuzunguka kiuno, akakifunga uzi na kukining'iniza kanisani kwenye msumari wa boriti, mbele ya lile pazia jeusi linalofunika madhabahu wakati wa mfungo. Kila wiki ikiisha aling'oa unyoya mmoja. Ukiona hakuna unyoya, jua ni Pasaka. Watoto aliwaambia kitunguu kinaona kila anayekula nyama kwa siri, nao waliamini. Nafikiri hata wakubwa wengine waliamini, ndiyo maana hawakukipenda.

Pasaka ikipita hakutupa. Alikipanda kwenye nusu ya jerikeni pale nje ya mlango wetu, kikagawanyika, kikazaa. Cha mwaka jana kilizaa viwili. Aliving'oa mwezi wa nane, kimoja tukala, kingine akakitundika kwenye msumari juu ya jiko. "Hicho ni cha Kwaresma," akasema, "usinikatie kwenye sukuma wiki."

Mwezi wa tisa akashikwa na kifua. Tulienda hospitali moja ya serikali, kubwa, ina geti mbili na askari wanne. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa. Mtu wa dirishani akatuambia mtandao uko chini, bima haionekani, tungoje. Tulingoja vizuri sana. Mideva alikuwa mtu wa adabu, alingoja mpaka akafa hapo kwenye benchi, bila kumsumbua mkubwa yeyote. Mtandao ulirudi jioni. Wakaniambia kadi yake iko sawa kabisa.

Kwa hivyo mnielewe niliposhika kile kitunguu Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo. Nilikuwa nimekidunga manyoya mwenyewe, mengine yameinama kama kofia za walevi, lakini yalikuwa saba. Sikutaka kitu kingine. Nilitaka kining'inie pale alipokiweka yeye kila mwaka, watu wainue macho na kumkumbuka.

Kamati yote ilikuwa mbele: Bwana Ooko, na Triza, katibu, msichana wa simu mbili. Walikuwa wamepanda viti wakipima ukuta.

"Mzee Andati," Bwana Ooko akasema, "hiyo ni nini?"

"Kitunguu."

"Naona ni kitunguu. Nauliza ni nini."

"Ni cha Kwaresma. Cha Mideva. Si unakijua, mwenyekiti? Umekaa chini yake miaka yote."

Akashuka kwenye kiti polepole, kama mtu anayeshuka kutoka mlimani na amri. "Ndugu yangu, pole tena kwa msiba. Lakini kamati imekaa. Mwaka huu anakuja Padri mpya, tunataka akute kanisa la kisasa. Sasa mgeni atoke ng'ambo, aingie, akute manyoya ya kuku yananing'inia mbele ya madhabahu? Atasema Waafrika wamerudia mambo yao."

"Mambo gani?"

"Unajua mambo gani. Kwenu Vihiga mnayajua."

"Hiki hakikutoka Vihiga. Mideva alikitoa jikoni kwa Mama Araksi."

"Jikoni kwa Mama Araksi kulikuwa na paka pia. Tulete paka?"

Triza akacheka, akaziba mdomo. "Mzee, usikasirike," akasema, "lakini kusema ukweli, hiyo kitu inakaa kama ulozi. Hata usiku inaweza nijia kwa ndoto."

"Hapa," Bwana Ooko akagonga ukuta, "kutakaa televisheni. Itahesabu siku za kuingia Pasaka, yenyewe, kwa rangi. Hicho kapikie."

Kapikie. Nilikifunga kwenye gazeti nikaondoka nacho, na wiki sita sikukanyaga tena hapo.

Nilikining'iniza nyumbani, katikati ya chumba, juu ya meza. Chumba ni kimoja, kwa hivyo kila niliposimama kilinipiga kwenye paji la uso. Sikukisogeza. Mwanangu Griffins akipiga simu kutoka Kitale akiniuliza nakula nini, nilimwambia dengu na sukuma bila mafuta, na ni kweli. Mluhya kukaa Kwaresma nzima chini ya manyoya ya kuku, bila kuku, hayo ndiyo mateso yenyewe. Ile televisheni ilimtesa nani?

Habari za kanisa nilizipata kwa jirani yangu Muthoki, ambaye si wa kanisa letu lakini hujua ya makanisa yote.

"Baba Griffins, umesikia? Wamesema omena inaruhusiwa."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti. Ati kamati imekaa ikaona omena si samaki. Ati samaki ni yule anayeliwa akigeuzwa."

Kwa Mama Araksi mfungo ulikuwa mfungo: nyama hapana, maziwa hapana, mayai hapana, samaki hapana, awe mkubwa au mdogo kama sindano. Lakini Mama Araksi hakupata bahati ya kuongozwa na Bwana Ooko. Nilitazama kitunguu changu. Kilikuwa kimeanza kuota jani la kijani, na nikaona kama kimenyoosha shingo kuelekea kanisani.

Muthoki naye alikiogopa. Alisimama mlangoni tu, hakuingia. "Na hicho umeniwekea mimi?"

"Wewe umekosa nini?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Unyoya baada ya unyoya, tukafika Jumapili ya Matawi, umebaki mmoja. Nilikuwa nimekaa kitandani nimevua viatu. Jumapili hiyo jioni kwetu kuna ibada ambayo Mideva aliipenda kuliko Pasaka yenyewe. Watu wote hutolewa nje isipokuwa mmoja anayebaki ndani, mlango wa kanisa unafungwa, padri anapiga magoti hapo nje na kubisha, anamwomba Mungu afungue mlango wa rehema. Akishaomba, mlango unafunguliwa kutoka ndani, taa zimewaka, pazia jeusi limeondolewa. Mideva alikuwa analia kila mwaka. Nilikuwa namuuliza, unalia nini na unajua watafungua? Mwaka huu nilijiambia siendi. Milango nimeona ya kutosha.

Mara nikasikia hodi.

Alikuwa Bwana Ooko na koti lake la ibada, anavuja jasho, na Triza nyuma yake ameshika matawi.

"Shikamoo, mzee Andati," mwenyekiti akasema. Mimi na yeye ni wa rika moja. Hajawahi kuniamkia hivyo tangu Mama Araksi atukutanishe.

"Marahaba," nikajibu. Ningekataa kwa nini?

Akamtazama Triza. Triza ndiye aliyesema.

"Mzee, Padri amefika. Ameingia, ameangalia TV. Sisi tumesimama hapo tunangoja atupongeze. Akainua macho kwa boriti, akaona ule msumari. Akaniuliza, kitunguu kiko wapi?"

"Kitunguu gani?" nikauliza. Nilitaka nisikie likirudiwa.

"Kitunguu, mzee! Akaonyesha na vidole, saba, manyoya. Anasema kwao kila nyumba inaweka. Anasema nyanya yake alikuwa anaweka jikoni, na walikuwa wanakiogopa sana wakitaka kuiba jibini. Mama Araksi alimwandikia zamani kwamba hata huku Nairobi kiko. Ati ametoka ng'ambo akisema angalau atakiona."

"Sasa mwenyekiti akamjibu nini?"

Triza akainamisha kichwa. Bwana Ooko akakohoa. "Nilimwambia kimehifadhiwa. Na si uongo. Kimehifadhiwa." Akakitazama hapo juu ya meza yangu, na jani lake la kijani na unyoya wake mmoja. "Ndugu Andati, watu wako nje ya kanisa, ibada haiwezi kuanza. Tupatie tuende nacho."

Ulozi sasa ulikuwa umepewa viza na pasipoti. Mambo ya kwetu Vihiga yalikuwa yametoka ng'ambo. Nilivaa viatu bila haraka, kimoja kimoja, nikifunga kamba kama mtu wa ofisini.

"Nitatoa," nikasema. "Lakini utakibeba wewe."

"Bila shaka. Triza, leta mfuko."

"Mfuko hapana. Utakishika kwa uzi, mbele yako, watu waone. Na Padri akiuliza ni cha nani, utamwambia ni cha nani. Si kamati. Jina."

"Andati, mimi ni mwenyekiti. Nipite nacho barabarani hivi?"

"Mideva alipita nacho kila mwaka, na hakuwa hata mwanakamati."

Akasimama hapo akipima. Kwa mbali tulisikia wanakwaya wameanza wimbo wa kupoteza muda. Akanyoosha mkono, akafungua uzi, akakishika mbali na koti lake kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

Tukatoka. Muthoki alikuwa nje anafua. Alipoona mwenyekiti wa kanisa anakuja na kitu kile kinayumbayumba mbele yake, alipiga kelele, akaangusha beseni, akaingia ndani na kukomea. Wa boda boda pale kwenye kona wakaamka kwenye pikipiki zao.

"Daktari! Hiyo ni ya mapenzi ama ya kesi?"

"Mzee, nirudishie bibi yangu na hiyo!"

"Oyaa, msimkaribie, hiyo ina wenyewe!"

Bwana Ooko alienda akitazama mbele, shingo imekakamaa. Ukiwa umevaa koti la ibada na umeshika kitunguu chenye unyoya, hakuna maelezo unayoweza kumpa mtu wa boda boda. Mama mmoja muuza mboga alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilitembea nyuma yake na mikono mfukoni, na sitawadanganya, ilikuwa Kwaresma nzuri.

Kanisani watu walikuwa wamesimama nje ya mlango uliofungwa, matawi mikononi. Padri Vahan ni mwembamba, ndevu nyeupe. Alipokiona hakungoja, alikuja mwenyewe, akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa. Akagusa lile jani la kijani na kusema kitu kwa Kiingereza chake kizito.

"Anasema ni kama cha nyanya yake, lakini hiki kiko hai," Triza akatafsiri. "Anauliza ni cha nani."

Watu wakageuka. Bwana Ooko akarekebisha tai.

"Mwambie kamati, kwa kushirikiana na waumini..." Akaniona. Nilikuwa nimesimama kando yake kabisa, nimemtazama tu kama kitunguu. Akaacha tai. "Mwambie ni cha Mideva. Mama Griffins. Ndiye alikuwa anakiweka. Hiki alikipanda yeye mwenyewe, na ameshatuacha. Huyu ndiye mume wake."

Triza akatafsiri, na safari hii hakuongeza mambo yake. Padri akanitazama. Hakuniambia pole, wala hakuniambia Mungu ana mpango. Aliuliza tu jina tena, akalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Halafu akanirudishia kitunguu, akaukabili mlango na kupiga magoti kwenye vumbi.

Aliomba kwa Kiarmenia, muda mrefu. Kama kawaida hakuna aliyeelewa hata neno. Yalipita hivyo tu, maneno ya kwao, mazito, yanayokwaruza, na katikati yake, wazi kabisa, nikasikia Mideva. Akabisha. Akaomba tena, na tena nikasikia Mideva. Akabisha.

Nilikuwa nimeshika uzi kwa mikono miwili. Nilikuwa nangoja mtu atoe kichwa dirishani.

Hakuna aliyetoa kichwa. Hakuna aliyesema mtandao uko chini. Mlango ulifunguliwa, taa zote zimewaka, na lile pazia jeusi halipo.

Bwana Ooko akaingia wa kwanza, kama kawaida yake. Mimi nikapanda kiti, nikazima televisheni iliyokuwa inamulika boriti, na nikautafuta ule msumari.