Nakala ya Njano

Duka la Mama Karatasi lilikuwa na printa tatu, na tabia zao hazikufanana hata kidogo. Ya leza, aliyoileta binti yake, iliyeyusha unga mweusi kimyakimya na kutoa kurasa zenye joto kama shati lililotoka kwenye pasi. Ya wino wa maji ilitoa picha nzuri za rangi, ila ikikaa siku tatu bila kazi pua huziba kama ya mtoto mwenye mafua. Ya tatu iliitwa Babu. Babu alikuwa na pini zilizogonga utepe wa wino nukta kwa nukta, kwa kelele ya mtu anayesaga meno usingizini.

Mama Karatasi alijifunza kazi kwa Babu, peke yake, kwa kuharibu na kurudia. Lakini binti alitaka ile nafasi aliyokaa Babu, wakawekeana ahadi: Babu akimaliza mwezi bila mteja, aende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Asubuhi hiyo mwezi ulikuwa umetimia bila mteja, na Babu alikuwa tayari juu ya mkokoteni wa mnunuzi, aliyesubiri mlangoni. Mama alikuwa anamfunika kanga, eti asipate vumbi.

Ndipo karani wa ghala akaingia anahema. Lori lake lilikuwa limeshapakiwa. Alitaka hati ya kutolea mzigo ijazwe: karatasi tatu zilizogundishwa kwa juu, nyeupe, ya waridi na ya njano, na maandishi yatokee kwenye zote. Alikuja na hati nne tu. Mlinzi wa geti hapokei iliyobanduliwa, hata umlilie.

Binti akamwambia akae, ni dakika moja tu. Akailisha leza hati ya kwanza. Nyeupe ikatoka safi sana. Ya waridi na ya njano zikatoka tupu kama sahani iliyorambwa. Akarudia. Joto likalainisha gundi, hati ya pili ikakwama tumboni, ikatolewa vipande vipande. Akahamia kwenye wino wa maji. Juu, maandishi ya kupendeza, chini, tupu.

Karani akaeleza kwa upole kwamba amebakiwa na hati moja.

Binti akageuka polepole. "Mama, ulijua?"

"Nilijua. Hizi zinataka kugongwa, si kupakwa; ya juu ikigongwa, za chini hunakili."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema namtetea Babu."

Kumshusha Babu kungechukua muda, kwa hiyo waya wa umeme ulivutwa hadi nje na kompyuta ikasogezwa kizingitini. Babu akaanza. Mkokoteni ukatetemeka, ukaanza kwenda wenyewe, mnunuzi wa vyuma akalazimika kuukumbatia huku mashavu yake yakichezacheza. Kelele ziliwatoa majirani madukani. Hati ilipotoka, karani alifunua nyeupe, akafunua ya waridi, akasita, kisha akafunua ya njano. Maandishi yalikuwepo, hafifu kidogo, lakini kamili. Akakimbilia lori lake.

Mnunuzi alitazama mikono yake, bado inatetemeka. "Mama, mie nanunua vilivyokufa," akasema. "Huyu mnamsingizia kufa."

Binti alichokoa gundi kwenye tumbo la leza. Mwishowe akauliza mwezi mwingine unaanza kuhesabiwa lini.

"Leo," alisema mama yake. "Shika huku, tumrudishe ndani. Taratibu, bado ana joto."