Kamba ya Nane

Kadi ilifika Jumanne asubuhi, Netta Petrie akiwa jikoni anampigia mumewe pasi shati jeupe. Ilikuwa kadi ndogo ya kampuni ya mazishi, yenye mchoro wa jeneza na kamba nane, kila kamba na namba yake. Huko Greenock, mji wa bandari wa Uskoti, ndivyo wanavyozika: waliopewa kamba ndio wanaomshusha marehemu, na namba moja, ya kichwani, hushikwa na aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Namba nane, miguuni, upande wa kushoto, ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu.

"Nane," alisema Lachie.

"Shukuru wamekukumbuka," Netta alijibu, akageuza kola. "Miaka thelathini na mbili anatembea na sauti yako, halafu anakupa miguu."

Sauti ya Lachie Petrie aliondoka nayo huyo marehemu, Denny Cargill, mwaka 1973. Wakati huo Lachie alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi na mwitikiaji, na Denny ndiye mwimbaji, aliyesimama mbele na nywele zake. Siku ya kurekodi wimbo wao kuhusu feri, Denny aliamka koo limekauka kabisa. Mtayarishaji akamwambia Lachie aimbe yeye, kwa kuongozea tu, Denny akipona wataufuta na kuurekodi upya. Denny alipona, akasikiliza, akasema umekaa vizuri, uachwe hivyo hivyo. Kesho yake Lachie alifungua mdomo bafuni na hakukutoka kitu. Kuongea aliongea, kuimba hakuna. Daktari alimmulika kooni kwa tochi, akasema mahali pa kuimbia pako wazi na safi, hapana hata kidonda, akamwandikia dawa ya kusukutua. Jioni hiyo Denny aliimba kwenye televisheni, na kila noti ilikuwa ya Lachie, mpaka ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya neno la mwisho.

"Nitakurudishia ziara ya muziki ikiisha," Denny alimwambia.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ziara, na baada ya hiyo, nyingine. Kila Krismasi alituma kadi yenye maneno yale yale: *Bado naihitaji kidogo. D.* Netta alizihifadhi zote kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati. Yeye aliolewa na Lachie mwaka 1975, kwa hiyo hakuwahi kumsikia mumewe akiimba ila redioni, kwa mdomo wa Denny.

Lachie akaishi kwa besi. Alipiga kwenye matangazo ya mkate. Alipiga kwenye vipindi vya mkesha wa mwaka mpya, nyuma ya wanaume waliovaa kilti, zile sketi za kiume za Kiskoti, na kutabasamu mno. Alipiga kwenye rekodi za watu ambao majina yao yaliandikwa makubwa, lake likasahauliwa. Walimpenda kwa sababu alifika mapema, alipiga mara moja tu na hakubishana na mtu. Mpiga besi akiifanya kazi yake sawasawa, hakuna anayemwona, na Lachie aliifanya sawasawa mno. Jambo hilo lilimuuma kila siku ya Mungu, na kila siku alinyamaza.

"Ijumaa, kwenye mazishi, usinyamaze," Netta alisema, akamkabidhi shati. "Idai. Nami nikusikie walau mara moja, ukiwa unaosha vyombo."

Ijumaa jeneza liliimba kanisani. Halikuimba kwa nguvu, ila liliimba, ubeti baada ya ubeti. Mchungaji alikuwa akisubiri ubeti uishe, kisha anaendelea kusoma alipoachia. Lachie alikaa safu ya nyuma na kusikia sauti yake ikitoka ndani ya mbao, nzima, haijazeeka hata siku moja.

Alimkuta Rena, mjane wa Denny, mlangoni mwa kanisa.

"Pole sana, Rena."

"Asante, Lachie. Kadi yako umeipata?"

"Nimeipata. Rena, ile sauti yangu imo humo ndani. Naisikia."

"Wote tunaisikia."

"Basi mwambie Imrie wa kampuni ya mazishi afungue kifuniko kidogo. Upana wa kiganja tu. Itatoka yenyewe, inanijua."

Rena aliwatazama wapiga picha waliojipanga nje ya uzio. "Leo? Mbele ya hawa?"

"Kesho itakuwa chini ya udongo."

"Na ungeifanyia nini saa hizi? Una miaka sitini na moja."

"Ningeimba jikoni."

"Lachie, nisikilize. Ukitoka makaburini unaimba kwa sauti ile, mimi nitakuwa nimemzika nani?"

Alilisema kwa upole, macho yamevimba, na upole huo ndio uliomuudhi Lachie zaidi. Angefokewa, angejua la kujibu.

Kaburini, Bwana Imrie aliita namba moja moja. Rena akashika ya kwanza. Wullie Strang, mpiga ngoma wa zamani, akashika ya tano. Lachie akashika ya nane, akaizungusha mkononi mara mbili.

"Taratibu, wote pamoja," alisema Imrie.

Kamba saba zililegea. Ya nane haikulegea. Jeneza likainama, kona moja juu, na ule wimbo ndani ukakatika katikati ya neno.

"Namba nane, umechelewa," alisema Imrie.

"Najua."

"Legeza, mzee."

"Silegezi mpaka kifuniko kifunguliwe."

Imrie alikuwa amezika watu wa Greenock miaka mingi. Alikohoa kwenye glavu yake, akasema watasubiri. Manyunyu yakaanza.

"Lachie, bwana wee, mgongo wangu!" alilalamika Wullie.

"Mimi nimengoja miaka thelathini na mbili, Wullie. Wewe vumilia dakika mbili."

Hakuna aliyewahi kumsikia Lachie Petrie akisimamisha wimbo. Nyuma ya watu, Netta alikunja mwavuli wake ili aone vizuri. Rena alimtazama Lachie kutoka ng'ambo ya shimo, kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Imrie na kufungua mdomo.

Hapo sauti ndani ya jeneza ikaanza tena, moja kwa moja kwenye kiitikio. Pengine ilichoka kungoja. Ilifika pale besi inaposhuka ngazi nne, mahali ambapo Lachie alikuwa amepiga mara elfu kadhaa bila kufikiri, na vidole vyake vikashuka. Kamba ikalegea kwa mapigo: moja, mbili, tatu, nne. Jeneza likanyooka, likateremka kwa mwendo mzuri ambao Imrie baadaye alikiri hajawahi kuuona. Lachie alipoutazama mkono wake, ulikuwa mtupu. Kamba ilikuwa imeshadondoka shimoni pamoja na zile nyingine.

Rena alifunga mdomo. Lachie alijichukia pale pale, mbele za watu, mvua ikimwingia kwenye kola.

Hotelini walikula pai ya nyama na viazi. Wullie alimpiga bega. "Umetuwekea mwendo, kama kawaida yako." Netta alivuta kiti karibu naye. Alimkatia pai.

Jiwe liliwekwa majira ya kuchipua. Chini ya jina la Denny Cargill waliandika kwamba sauti yake haitanyamaza, na kweli haikunyamaza. Siku nyingi iliimba toka saa nane mchana hadi saa kumi. Watu wakaanza kuja kwa mabasi, halmashauri ikaongeza benchi na pipa la taka.

Lachie huenda kila Jumapili na gitaa la besi na spika ndogo ya betri, kwa sababu sauti ile ikiachwa peke yake inakimbiza mapigo. Netta huja na chupa ya chai. Hukaa benchini akafumba macho kwenye beti, na mtu asiyemjua angedhani amelala.

Jumapili moja mwanamke mwenye koti la manjano, aliyetoka mbali na maua yake, alimwinamia.

"Samahani mama, huyu mzee ni wako? Mwambie apunguze kidogo. Hatumsikii Denny."

Netta alifumbua macho, akaweka kikombe chini, akavuta pumzi ya kumjibu.

Lachie alikuwa ameshapunguza.