Anayemjibu Bi Mkasi

Mimi ni daktari wa akili, na kweli ya Mungu, hata kabla ya kusomea kazi hii nilikuwa mdadisi wa mambo ya watu. Meneja wa kiwanda cha uchapaji aliponiita nikampime mkataji wake wa karatasi, sikungoja kubembelezwa.

"Anaongea peke yake," alisema meneja. "Halafu kuna wakati anasimama tu, kisu cha mashine kiko juu, kazi imelala. Ukisema hafai, kesho namwondoa. Lile dude halichezewi."

Wenzake wanamwita Bi Mkasi. Ningeweza kumketisha ofisini nimhoji, lakini nilitaka kumwona kazini. Nikasimama kando ya mashine, macho yamenitoka.

Alisukuma rimu chini ya kisu, akaita, "Mikono!" Akanyamaza, kichwa upande. Kisha akakanyaga pedali, kisu kikashuka. Rimu ya pili, vilevile. Ya tatu akaita, akangoja, akangoja sana. Hakukanyaga.

Uzalendo ukanishinda. "Mama, unamwita nani?"

"Chiriku. Tumekata pamoja hapa tangu usichana. Yeye analisha mashine karatasi, mimi nakata. Naita 'mikono', akishatoa yake anajibu 'salama'. Bila jibu hakuna kisu."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana, maradhi tu. Hawakuniletea mwingine."

"Na bado anakujibu?"

"Mara nyingi." Alinitazama bila haya. "Asipojibu, sikati. Ndiyo hiyo wanasema nimesimama."

Nilisisimka, sifichi. Wazimu gani huu unaolinda vidole kuliko meneja mwenyewe? Lakini niliogopa pia.

"Siku akijibu mikono yako ikiwa bado ndani je?"

"Hajawahi kunidanganya," alisema, ila alitazama vidole vyake.

Nikamwita meneja, nikamwambia mbele ya Bi Mkasi: kazi anaiweza, ila si peke yake. Aletewe mtu wa kumjibu, nami nitakuwa nakutana na mama huyu kila wiki. Meneja akakubali. Niligeuka nikitegemea shukrani, nikamkuta Bi Mkasi analia.

"Daktari, akijibu mwingine, Chiriku atanyamaza kabisa."

Moyo uliniuma.

"Kazi naitaka," akasema, akijifuta kwa kiganja. "Huyo mtu aje. Lakini aje kesho. Leo niacheni nikate naye."

Meneja akaniangalia mimi. Nikavuta kiti, nikakaa karibu na mikono yake mpaka kengele ya kutoka kazini ilipolia.