Waliozaliwa Ofisini

Saa nne asubuhi, watu wakiwa kwenye chai, mbu tisa waliingia ofisi ya afya kwa mlango wa mbele na kupanga foleni mezani kwa Bibi Afya. Wote walikuwa majike, wa wale wenye miguu ya mistari wanaong'ata mchana na kueneza homa ya dengi. Bibi Afya alisogeza kikombe, akachukua fomu.

Siku hiyo alikuwa na kazi chungu. Alitakiwa kusaini amri ya kutoboa mapipa manne ya maji ya kumwagilia ya shangazi yake, muuza miche ya maua, eti ndiyo yanayozalisha mbu wa mtaa mzima. Bila mapipa hakuna miche, na bila miche shangazi angekula nini? Roho ilimuuma. Shangazi mwenyewe alikuwa kwenye benchi, amenuna.

"Shida yenu?" Bibi Afya aliwauliza mbu.

"Mnamsingizia mama wa watu," alisema wa mbele. "Mapipa yake yana mifuniko. Hatujui hata ndani yakoje."

"Mahali pa kuzaliwa?"

"Hapa hapa. Tangi la juu ya paa."

Wote tisa walisema hivyo hivyo, naye akaandika mara tisa.

Shangazi alicheka mpaka benchi likalia. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu! Na hiyo chai mnachota maji wapi?"

Bibi Afya alitazama kikombe chake, akakimalizia tu.

Mkuu wa ofisi alisoma fomu zote bila haraka. Aliifuta amri ya mapipa, na Bibi Afya alifurahi hadi akamkumbatia shangazi mbele ya wateja. Kuhusu mbu, mkuu aliamua kwamba waliozaliwa ofisini ni wa ofisi, hivyo hawapuliziwi dawa bila kibali cha makao makuu. Kuhusu tangi aliandika: "Mfuniko unashughulikiwa."

Tangu hapo mbu husaini daftari la mahudhurio kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuchelewa. Mkuu yuko kitandani na homa, wiki ya pili sasa. Shangazi, ambaye hana kinyongo, alimpelekea mche wa waridi, na ofisini akaleta mfuniko wake wa akiba, unaolitosha tangi sawasawa.

Mfuniko ulipokelewa, ukagongwa muhuri, ukafungiwa stoo. Daftari la mahudhurio lilikuwa limejaa, likaagizwa jingine kubwa zaidi, nalo lilifika siku hiyo hiyo.