Miguu ya Cherehani

Nilipofungua mlango wa chumba changu cha kushonea, mfuko wa vitambaa ulinidondoka. Kichwa cha cherehani yangu kilikuwa sakafuni juu ya gunia, kimelazwa ubavu kama mgonjwa. Mahali pake mezani lilikaa pande la zege lenye vyuma viwili virefu vya shokapu za gari.

"Jamani! Nani kafanya hivi?"

"Shikamoo bibi," alisema mjukuu wangu, fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche. Alikuwa amechuchumaa chini ya meza yangu, anavuta mkanda.

"Sina marahaba leo!"

Shafti ya cherehani, kile chuma cha ndani kinachozunguka, ilikuwa imekatika. Madukani waliniambia mashine ya namna ile haitengenezwi tena, nikaiuze chuma chakavu. Cheche akasema, "Niachie mimi." Nikamwachia. Kumbe kachukua hata miguu ya meza yenye pedali, iliyobaki nzima! Na mimi nisiposhona ni mtu wa kukaa kitini kungoja kuletewa chai. Hilo silitaki.

"Na hiyo puli, hilo gurudumu la mkanda, umeitoa wapi?" Maana iling'aa kwa namna niliyoifahamu.

Akainamisha macho. "Nimeyeyusha ile sufuria kubwa, bibi. Ilikuwa imetoboka."

"Imetoboka au umeitoboa?"

Babu yao akacheka pale mlangoni. Miaka yote huiita cherehani yangu mume mwenzake. "Leo mume mwenzangu kazikwa kwenye zege!"

"Hii ni mashine ya kukerezea," Cheche akasema. "Chuma kinazunguka, kisu kinakimenya. Ndiyo itakayotoa shafti yako."

Akakaa, akakanyaga pedali. Chuma kikazunguka, kikashtuka, kikagoma. Akakanyaga tena, kikarudi nyuma. Kisu kikalia mpaka meno yakaniuma.

Nikavumilia. Nikavumilia tena. Mwisho nikashindwa.

"Toka hapo! Unakanyaga kama unaua mende."

Nikakaa mimi, yeye akashika kisu. Miguu yangu ikashika mwendo wake wa siku zote, ule wa kupinda suruali, bila haraka. Na chuma, jamani, chuma kile kikaanza kutoa maganda! Membamba, yamejikunja, yananiangukia gauni kama ya viazi. Nikapigwa na butwaa, hasira yote nikaisahau. Miguu hii iliyovimba inakata chuma?

"Usisimame bibi! Usisimame!"

Babu yao akanyoosha shingo pale mlangoni aone.

Shafti mpya haikuingia kwenye cherehani mara ya kwanza, ilizidi unene kidogo. Tukaimenya tena. Safari hii ikaingia taratibu, ikatulia. Nikazungusha gurudumu, sindano ikashuka, ikapanda.

Cheche akachukua spana aibomoe mashine yake, anirudishie miguu. Hakulalamika, lakini nilimwona alivyolipapasa lile zege.

"Acha," nikajisikia nikisema, nami nikashtuka kama wao. "Nitengenezee mpini, cherehani nitaizungusha kwa mkono mpaka upate miguu mingine."

"Na hii pedali atakanyaga nani, bibi?"

"Kwani huyo mume mwenza wa cherehani ana kazi gani? Nitamfundisha."

Tulipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.