Ngumi Juu, Injini Kimya

Siku ya pili baada ya tetemeko, Eulalia alikoroga uji wake wa mahindi mahali palepale alipouuzia kila asubuhi, mbele ya kiwanda cha mashati. Ila leo hakumtoza mtu, na kiwanda hakikuwepo. Ghorofa zake zilikuwa zimelaliana kama tortila, zile chapati za mahindi, kwenye kikapu. Chini yake walikuwamo washonaji, akiwemo binti yake Nicolasa.

Mstari wa watu ulianzia juu ya kifusi ukavuka barabara kuu. Wakili aliyejifunga tai kichwani alipokea ndoo ya mawe kutoka kwa mng'arisha viatu, akampa mtawa, naye mtawa akampa dereva wa teksi. Hakuna aliyewaita. Redio ilikuwa imewaamuru watu wabaki majumbani. Eulalia aliwajua watu wa jiji la Mexico kwa kugombea viti vya basi na chenji. Sasa aliwatazama kama anayeona mlima ukitembea.

"Mama, mwongezee wakili sukari," mng'arisha viatu alisema. "Mdomo wake wa kitajiri huo."

"Pokea ndoo, wewe. Utaongea ukishaoga," wakili akajibu.

Kabla ya adhuhuri kapteni alifika na tingatinga. Askari wake walikuwa wamekesha wakiwalinda watu wa mwenye kiwanda, waliokuwa wakitoa cherehani na majora ya vitambaa.

"Humu hamna aliye hai," alitangaza. "Tunasafisha. Nendeni nyumbani."

"Nyumbani wapi, kapteni? Nayo imelala chini!" mtu akapaza sauti.

Eulalia akaacha mwiko, akamwendea. "Binti yangu yumo."

"Pole, mama. Nimepewa amri."

"Cherehani mmezitoa kwa mikono, moja moja, kama mayai. Mwanangu ndiye wa kuzolewa na tingatinga?"

Kapteni akampungia dereva wa tingatinga mkono. Injini ikanguruma.

Juu ya kifusi, mwanamke aliyekuwa amelaza sikio kwenye bomba la maji akainua ngumi. Tangu jana kila mtu aliijua maana yake: nimesikia kitu, nyamazeni. Ngumi ya pili ikapanda, ya tatu, kisha mstari mzima, kisha barabara nzima hadi kule jicho lisikofika. Mabasi yakazimwa. Likabaki tingatinga peke yake.

"Endesha!" kapteni akafoka.

Dereva alizitazama zile ngumi. Akazima.

"Funguo zimepotea, kapteni," alisema, funguo zikiwa mkononi.

Kapteni akafumbua mdomo. Mtawa akamwekea kidole midomoni, kama mtoto kanisani, naye akaufumba.

Eulalia hakuwahi kuusikia mji ule ukinyamaza. Maelfu ya watu, na hapakukohoa mtu. Ndipo wote wakasikia bomba likigongwa kutoka chini, taratibu.

Mwanamke yule aliita kwenye bomba, akasikiliza. Jibu likashuka kwa mdomo baada ya mdomo hadi kwa mng'arisha viatu, naye akamwambia Eulalia bila mzaha wowote:

"Yuko mmoja, mama. Anaitwa Remedios. Anasema wenzake wote hawaitiki tena."

Eulalia alisimama akishikilia meza yake ya uji. Kisha akakaza aproni yake, akaingia katikati ya wakili na mtawa.

"Kaa kwanza, mama," wakili alimsihi.

"Remedios naye ana mama yake," alisema, mikono tayari ameinyoosha. "Leteni ndoo."